Kununua Mashine ya Msasa Iliyokwisha Tumika

Katika likizo ya mwezi wa Juni baba yangu alinipa kazi ambayo sikuitazamia. Aliniambia, "Mwanangu, wewe unasoma Fizikia. Twende Tabora ukaniangalizie mashine." Baba ni seremala. Karakana yake iko nyuma ya nyumba yetu huko Kaliua, na fedha alizotaka kununulia mashine hiyo alikuwa amezikusanya kwa muda wa miaka sita. Nataka kuwaeleza niliyojifunza katika safari hiyo. Nilikosea kwanza, ndipo nikajifunza. Basi huenda kosa langu likamfaa mzazi au mwanafunzi mwingine ambaye nyumbani kwao wanafikiri kununua mashine yo yote iliyokwisha tumika.

Kazi ya msasa

Kila mwanafunzi anaijua karatasi ya msasa, lakini si wote wajuao kwamba msasa ni jina la mti. Majani yake yakikauka hukwaruza kama tupa, na mafundi wa zamani waliyatumia kulainisha mbao na vinyago. Karatasi yenye mchanga ilipokuja madukani, watu wakaipa jina walilokuwa nalo tayari.

Huku kwetu mti wa heshima kwa samani ni mninga. Rangi yake ni nzuri, tena hauvimbi wala kujikunja sana majira yanapobadilika. Lakini nyuzi za mninga mara nyingi hupishana, nyingine zikielekea huku na nyingine kule. Seremala akipitisha randa, mahali pengine ubao hulainika na mahali pengine huchanika. Kwa sababu hiyo hapana budi kumaliza kwa msasa, na kazi hiyo ndiyo inayochosha kuliko zote. Nimemwona baba akisugua uso wa meza moja tangu asubuhi mpaka adhuhuri, na usiku asiweze kuuinua mkono wake wa kulia.

Mashine aliyoitaka ni mashine ya msasa mpana. Ndani yake mna rola mbili, moja juu na moja chini. Mkanda wa msasa, ambao ncha zake zimeungwa ukawa kama pete kubwa, huzivaa rola hizo na kuzunguka kwa kasi. Chini yake ipo meza yenye mkanda mwingine wa mpira uendao polepole. Huo ndio unaouchukua ubao na kuupitisha chini ya msasa. Meza hupanda na kushuka, na kwa hiyo fundi huchagua unene autakao. Mashine ya upana wa milimita 1,100 huweza kupitisha uso wa meza nzima kwa mara moja, na kazi ya nusu siku ikawa kazi ya dakika chache.

Kosa langu

Tulipanda basi mpaka Tabora. Mashine ilikuwa katika karakana moja ambayo mwenyewe alikuwa akiuza vyombo vyake. Tulimkuta dalali mlangoni, akatusalimu kwa Kinyamwezi, "Mwangaluka," akatupeleka ndani. Mashine ilikuwa imepakwa rangi mpya ya kijani, inang'aa. Bei yake ilikuwa shilingi 14,000,000. Baba alikuwa na 15,000,000.

Niliizunguka mashine mara mbili. Nilifungua mlango wa pembeni, nikaona rola, nikagusa meza, nikajifanya mtu ajuaye. Kisha nikamwambia baba, "Ni nzuri, baba. Hata kutu haina." Dalali akanisifu sana, akasema kwamba mtoto huyu ana akili.

Baba hakutoa fedha. Alisema, "Mali haikimbii. Twende tukalale, asubuhi tutarudi." Tulilala kwa baba mdogo. Usiku nilimpigia simu mwalimu wetu wa Fizikia, nikidhani atafurahi kusikia habari hizo. Aliniuliza swali moja tu: "Kibao cha mota kimeandikwaje?" Sikuwa nimekisoma. Akaniuliza tena, "Na umeme wa nyumbani kwenu ni wa njia moja au njia tatu?" Hapo nikanyamaza, kwa maana jibu la swali hilo nilikuwa nalijua.

Nilikuwa nimeisifu mashine kwa rangi yake, na kwa neno langu nusura miaka sita ya baba ipotee asubuhi moja. Sikupata usingizi mzuri. Asubuhi nilimwambia baba kwamba nimekosea, na kwamba tukirudi hatutakwenda kutazama, tutakwenda kupima.

Hesabu ya umeme

Kila mota ina kibao kidogo cha bati. Kibao hicho ni kama cheti cha kuzaliwa, nacho hakina sababu ya kumdanganya mtu kama rangi idanganyavyo. Cha mashine ile kilisema: kilowati 11, volti 400, hezi 50, njia tatu.

Umeme unaofika katika nyumba zilizo nyingi nchini kwetu ni wa njia moja, volti 230. Umeme wa njia tatu, volti 400, hupelekwa mahali penye mashine kubwa, kama vile mashine za kusaga na viwanda. Nyumbani kwetu tuna njia moja. Maana yake ni kwamba mashine ile, ingawa ni nzima, isingezunguka hata mara moja katika karakana ya baba.

Dalali alisema kwamba hilo si neno, kwa kuwa kuna kifaa cha kugeuza njia moja kuwa njia tatu. Hapo hakusema uongo. Vifaa hivyo vipo. Lakini kifaa kama hicho hugeuza namna ya umeme tu, hakiongezi nguvu ya waya uliokuja nyumbani. Tuhesabu pamoja.

Kilowati 11 ni nguvu inayotoka katika mhimili wa mota. Nguvu inayoingia ni zaidi, kwa sababu nyingine hupotea kuwa joto. Tukikadiria kwamba asilimia 90 ndiyo inayofanya kazi, tunagawanya 11,000 kwa 0.9, tunapata wati 12,222. Tena mota za namna hii huvuta mkondo kuliko nguvu wanayoitumia. Mwalimu alinipa namba ya 0.85 kwa jambo hilo. Tukigawanya tena, tunapata kama 14,380. Sasa tugawanye kwa volti 230 za njia moja: ampea 62 na nusu. Kwa umeme wa njia tatu hesabu ile ile yagawanywa kwa volti 400 mara 1.73, na jibu ni kama ampea 21 tu katika kila waya.

Tena hizo ni ampea za mota iliyokwisha shika mwendo. Mota inapowashwa moja kwa moja, kwa muda mfupi huvuta mkondo mara tano hata mara saba ya ule wa kawaida. Mtu akifunga mashine ya namna hiyo katika nyumba yenye taa, jokofu na pasi, atakata umeme kila siku, au ataunguza nyaya zake.

Jambo la hezi nalo lataka kuangaliwa. Mashine nyingine zilizokwisha tumika hutoka Marekani, ambako umeme ni wa hezi 60. Wetu ni wa hezi 50. Mota ya hezi 60 ikiwekwa katika umeme wetu hupoteza sehemu moja katika sita ya mwendo wake: iliyokuwa izunguke mara 1,800 kwa dakika itaelekea 1,500. Volti zake nazo huenda zisipatane na zetu. Mwenye kununua asome kibao kabla ya kuuliza bei.

Kuipima mashine

Ijapokuwa tulikuwa tumekwisha kuona shida ya umeme, baba alitaka tuipime mashine yote. Alisema elimu haina hasara, na kwamba huenda siku moja tukapata umeme huo. Tulifanya hivi.

Kwanza, umeme ukiwa umezimwa, nilizungusha rola kwa mkono na kusikiliza. Beringi nzuri huzunguka kimya. Beringi iliyochoka huunguruma, au mkono huhisi mikwaruzo kama ya mchanga. Kisha nilishika ncha ya rola nikajaribu kuisukuma juu na chini. Isicheze hata kidogo. Beringi za mashine ile zilikuwa nzuri.

Pili, tulitazama mpira uliovikwa rola ya chini. Mpira ukizeeka huwa mgumu, hung'aa na kufanya nyufa. Ukibonyeza kwa ukucha na ukucha usiache hata alama ndogo, jihadhari. Mkanda wa mpira unaochukua ubao tuliuangalia vivyo hivyo, maana ukiwa laini kama kioo ubao huteleza na waweza kurushwa nyuma. Kwa hiyo tena mtu asisimame nyuma ya ubao unaoingia mashinini, hata kama mashine ni mpya.

Tatu, hewa. Mkanda wa msasa haukai katikati kwa hiari yake. Rola ya juu huchezeshwa kulia na kushoto na hewa ya kompresa ili mkanda usitoke upande. Mashine zilizo nyingi hutaka hewa ya kanieneo ya kama baa 6. Tulifungua hewa, tukatega sikio. Palikuwa na mlio wa nyoka nyuma ya mashine, yaani bomba limepasuka. Hilo ni jambo dogo kutengeneza, lakini mnunuzi ambaye hana kompresa ajue kwamba atahitaji kuinunua.

Nne, breki. Kitufe chekundu kikibonyezwa, mkanda usimame kwa sekunde chache. Tena pembeni mwa mkanda kuna swichi ambayo mkanda ukiigusa mashine huzima yenyewe. Swichi hiyo ikiwa imefungwa kwa waya ili isifanye kazi, ujue kwamba mkanda umekuwa ukitoka mara kwa mara, na mwenye mashine amechagua kuificha shida badala ya kuiponya.

Tano, na hili ndilo jaribio kubwa, tulitaka mashine iwashwe. Dalali alisema umeme umekatika. Baba alikaa juu ya gogo akasema tutaungoja. Baada ya nusu saa umeme ukapatikana. Tulichukua ubao mpana wa mbao zilizogundishwa, upana wake milimita 900. Nilichora mistari ya penseli uso mzima, tukaupitisha mara kadhaa mpaka mistari yote ikafutika, yaani tulijua kwamba msasa umegusa kila mahali. Kisha kwa kipimo cha vernia nilipima unene katika ncha ya mbele: kushoto, katikati na kulia. Kushoto ilikuwa milimita 24.1. Kulia ilikuwa 24.1. Katikati ilikuwa 24.7.

Tulipitisha ubao mwingine, jibu likawa lile lile. Kwa sababu mbao nyingi hupitishwa katikati, rola ilikuwa imelika katikati, na kila ubao ulitoka na mgongo. Sita katika sehemu kumi za milimita ni kitu kidogo kwa macho. Lakini uso wa meza wenye mgongo huonekana mara tu vanishi inapopakwa, na vipande viwili vya mlango havilingani vikiunganishwa. Ingekuwa lazima kuusawazisha mgongo huo kwa mkono, yaani kurudi kule kule tulikotoka. Rola hiyo yaweza kuchongwa upya au kuvikwa mpira mwingine, lakini hiyo si kazi ya karakana ya nyumbani.

Tena mbao zenyewe si za kuchezea. Ubao wa milimita 25 ukipunguzwa milimita moja kila upande, zinapotea milimita 2, nazo ni asilimia 8 ya ubao wote. Mninga hukua polepole, na haupatikani tena karibu kama walivyoupata wazee wetu. Mashine isiyo sawa huugeuza mti wa miaka mingi kuwa vumbi.

Vumbi

Hapo napenda kusema neno juu ya vumbi, kwa kuwa wanunuzi wengi hulisahau. Mashine ya msasa mpana hutoa vumbi jembamba kama unga wa sembe, na kwa wingi. Vumbi la mninga huwasha pua na kifua. Mwaka 1995 shirika la kimataifa linalochunguza saratani, ambalo ni sehemu ya Shirika la Afya Duniani, liliandika vumbi la mbao miongoni mwa vitu vinavyojulikana kuleta saratani kwa wanadamu, hasa saratani ya ndani ya pua. Tena vumbi jembamba likikutana na cheche huwaka. Msumari mmoja uliosahauliwa ndani ya ubao hutosha kuchana mkanda na kutoa cheche hiyo.

Kwa hiyo mashine haiwezi kutumiwa bila feni ya kunyonya vumbi. Mwendo wa hewa katika bomba la vumbi la mbao utakiwao ni kama mita 20 kwa sekunde. Ukipungua, vumbi hukaa ndani ya bomba na kuliziba. Mdomo wa mashine ile ulikuwa na kipenyo cha milimita 150. Eneo la mdomo huo ni kama mita za eneo 0.0177. Ukizidisha kwa 20 unapata mita za ujazo 0.35 kwa sekunde, yaani zaidi ya 1,200 kwa saa. Feni ndogo ya mezani haifui dafu. Yatakiwa feni maalum yenye mota yake, mifuko yake na mabomba yake.

Nilipokuwa nikiandika hesabu hizo nilimkumbuka baba anavyokohoa usiku. Kwa miaka yote hiyo tulikuwa tukisema ni baridi.

Uzee si kosa

Msidhani kwamba nasema mashine kuukuu ni mbaya. Sivyo. Reli ipitayo Kaliua, ambayo hapo kwetu huchepuka tawi la kwenda Mpanda, ina habari nzuri ya kutufundisha. Mwaka 1913 Wajerumani waliunda meli iitwayo Graf von Goetzen huko Papenburg, wakaifungua vipande vipande na kuitia katika masanduku yapatayo 5,000. Ililetwa Dar es Salaam, ikasafirishwa kwa reli ya kati kwenda Kigoma, na mwaka 1915 ikaingia majini. Mwaka 1916, walipoona wanashindwa vita, Wajerumani waliizamisha wenyewe. Lakini mafundi waliipaka mitambo yake grisi nzito kabla ya kuizamisha. Waingereza walipoiinua mwaka 1924, waliikuta mitambo ingali yafaa. Mwaka 1927 ilirudi kazini kwa jina la Liemba, ikachukua abiria na mizigo katika ziwa Tanganyika kwa miaka mingi baadaye.

Basi mashine iliyolala chini ya maji miaka minane ilifaa kwa sababu ilitunzwa na watu waliojua kazi yao, na mashine iliyokaa chini ya paa yaweza kuharibika kwa sababu haikutunzwa. Mnunuzi asiulize tu mashine ina miaka mingapi. Aulize nani aliipaka grisi.

Bei ya kweli

Zamani misafara ya pwani ilipita Tabora ikielekea Ujiji, na wapagazi wa Kinyamwezi walibeba mizigo ya kama frasila mbili, yaani kilo 32 kila mtu. Mashine tuliyoitazama ilikuwa na kilo 1,280: mizigo ya wapagazi 40. Sidhani kwamba yuko mpagazi ambaye angekubali mzigo kwa kuutazama kitambaa chake tu. Angeunyanyua kwanza, kwa maana safari yote ingekuwa juu ya bega lake.

Nasi tuliunyanyua mzigo wetu kwa kalamu. Jioni ile, kwa kuuliza mafundi na wenye maduka, tuliandika kila kitu ambacho mashine ingetaka kabla ya kulainisha ubao wa kwanza: gari la kuileta Kaliua na watu wa kuishusha, sakafu ya zege ya kuichukua, umeme wa njia tatu, kompresa, feni ya vumbi na mabomba, kutengeneza rola, na mikanda. Kwa habari ya mikanda, haifai kununua mashine bila kujua vipimo vyake. Kuna mikanda ya urefu wa milimita 1,900, kuna ya 2,620, na mingine mingi, na mkanda wa mashine moja hauingii katika nyingine. Kama haupatikani nchini, mashine ni chuma tu. Tena hautoshi mmoja, kwa sababu fundi huanza na msasa mkali wa namba 80, akaendelea na 120, akamaliza na 150 au 180.

Jumla ya mambo hayo ilizidi nusu ya bei ya mashine yenyewe, na akiba iliyobaki baada ya kununua ingekuwa milioni moja. Hatukuhesabu bado umeme wa kila siku. Mota ya kilowati 11 ikifanya kazi kwa nguvu zake zote hula uniti 11 na zaidi kwa saa, mbali ya feni na kompresa.

Baba alikitazama kile karatasi kwa muda mrefu. Akaniuliza, "Basi hatununui?"

Nilijua ni kiasi gani aliitaka. Nikamjibu, "Hii hatununui, baba."

Asubuhi dalali alishusha bei mpaka milioni 11. Baba alimshukuru, akamwambia kwamba bei ikishuka rola hainyooki. Tukapanda basi kurudi nyumbani.

Tulichofanya

Jirani yetu ana mashine ya kusaga mahindi, na umeme wake ni wa njia tatu. Baba alizungumza naye, wakapatana kwamba baba aweza kujenga banda kando ya mashine hiyo na kulipa sehemu ya umeme, mara shirika la umeme likikagua na kuruhusu. Maombi yamekwisha pelekwa. Katika akiba yake baba alitoa sehemu ndogo akanunua feni ya kunyonya vumbi ya umeme wa njia moja, ambayo aitumia sasa hivi kwa msasa mdogo wa mkono. Fedha nyingine ziko benki zikingoja mashine iliyo sawa. Mama aliniambia kwa simu kwamba kikohozi cha usiku kimepungua.

Maswali ya kumwuliza mwuzaji

Kwa faida ya wasomaji nimeyaandika hapa maswali ambayo sasa yamebandikwa katika mlango wa karakana yetu.

1. Kibao cha mota kinasema nini: kilowati, volti, hezi, njia?
2. Umeme nilio nao waweza kuichukua?
3. Naweza kuiona ikifanya kazi, nikaupima ubao kushoto, katikati na kulia?
4. Beringi, mpira wa rola na mkanda wa meza vina hali gani?
5. Breki na swichi za usalama zinafanya kazi, au zimefungwa?
6. Mikanda yake ni ya vipimo gani, nayo hupatikana wapi?
7. Kitabu chake kipo, na nani aliitunza?
8. Vumbi litakwenda wapi?
9. Nikikwisha kulipa bei, nitakuwa na fedha za kuiwasha?

Mtu asiyeweza kujibu maswali matatu ya kwanza asitoe hata shilingi moja. Na mwuzaji asiyekubali kuiwasha mashine yake mbele yako amekwisha kukujibu yote.

Neno la mwisho ni kwetu wanafunzi. Wazazi wetu hutuamini kuliko tunavyodhani. Baba angelitoa fedha zote kwa neno langu la siku ya kwanza, kama si desturi yake ya kulalia jambo. Kuanzia siku hiyo, mzazi akiniuliza jambo la kitaalamu, sisemi "ni nzuri" mpaka nimepima. Na kama sijapima, nasema sijapima.